Kipimo cha Msuka Vitanda

Msuka vitanda wa mtaa wetu hapa Multan hupima kila kitanda kwa kukilalia, kilemba usoni. Asipokoroma, hukifumua. Juzi Malik Allahyar, mwenye mashamba, alikikataa kitanda cha kamba, yaani charpai, cha harusi ya bintiye.

“Fundi, charpai ni jina la kimaskini. Nataka takht, kiti cha enzi.”

“Malik sahib, charpai maana yake miguu minne. Punda wako anayo, na halalamiki. Na takht asili yake ubao tu. Muuza vitunguu yule anaukalia. Jilaze kwanza, ndipo utukane.”

Malik akajilaza huku akifoka. Chai aliyoletewa haijapoa, anakoroma. Fundi akamfunika uso kwa kilemba chake, kwa vidole vilivyochunwa na kamba.

“Kimefaulu,” akawaambia wapagazi waliokuja kukibeba. “Kipelekeni harusini. Ila huyu mteremsheni kwanza.”