Tantine Wivine na Kisu cha Muzee Faustin

"Tantine, kisu chenye hakikatake kiko na faida gani?"

Graciella alikuwa na miaka saba alipomuuliza shangazi yake swali hilo la kisu kisichokata, amechuchumaa kando ya gunia lililotandazwa chini, nje ya soko la mtaa uitwao Kenya. Juu ya gunia kulikuwa na visu vya kukunja vya zamani: vya mpini wa pembe, vya mpini wa mbao, na kimoja chenye kizibuo cha chupa. Tantine Wivine aliendelea kutazama ndani ya soko. Siku ile akili yake ilikuwa kwingine. Alikuwa anataka meza.

Ndani ya soko kulikuwa na safu ya wauza vitu vya kale, yenye paa la bati na meza za mbao, na Muzee Faustin ndiye aliyekuwa mkubwa wao. Wapenzi wa vitu vya kale walikwenda moja kwa moja kule. Nani atainama kwenye matope kumtafuta Wivine? Mvua ilikuwa imeshavitia kutu visu vyake vilivyo bora. Msimu mwingine wa namna hiyo na angerudi kuuza makaa.

Na visu alivijua! Binti huyu wa fundi wa reli alianza kwa kununua vitu vya marehemu kwa wajane wa miji ya Kipushi na Kambove, akala hasara, akalia, akajifunza. Kisu cha kale hukisugui mpaka king'ae, unakiua. Kila kinaponolewa bapa linalika, na bei inalika pamoja nalo. Na ukikifunga, sikiliza: kizima kinalia ta! Kilichochoka kinaguna tu.

Sasa, ile safu ilikuwa na desturi yake. Mwenye kutaka meza alipewa kisu mbele ya wote, akitajie bei. Akikosea, arudi alikotoka.

Jumamosi moja Wivine akaingia. Muzee Faustin akafungua kitambaa, akatoa kisu chake mwenyewe, kile ambacho wenzake walikuwa wamekisifu mwezi mzima, naye akijigamba kwamba amekataa kukiuza kwa bei ya friji. Mpini wa pembe, laini kama kipande cha sabuni kilichotumika. Bapa pana, jina la kiwanda cha Ulaya likisomeka vizuri.

"Haya, mama. Sema bei."

"Aseme kwanza bei ya sombe!" akadakia Guelord, mwuza saa, kana kwamba mama anajua majani ya muhogo tu, na safu nzima ikacheka.

"Sombe utakula, Guelord. Acha kwanza nimalize kazi."

Wivine akakifungua, akakifunga. Ta! Kizuri. Akapitisha kidole gumba kwenye mpini: umelika kwa vidole vya mtu, miaka na miaka. Akapitisha kwenye bapa: halijalika hata chembe. Moyo ukamruka. Mtu gani huyu aliyeshika kisu maisha yake yote asikate kitu? Akakigeuza, akaitazama pini inayoshikilia bapa. Nyekundu. Shaba! Mji huu umejaa shaba, kwenye nyaya, kwenye sahani za ukutani, kwenye misalaba, mpaka jicho linaipita kama linavyopita vumbi. Lakini kile kiwanda kilifunga visu vyake kwa pini za chuma.

Hapo ndipo shida ilipoanza. Kisu ni cha Faustin, na meza ni za Faustin. Akitaja bei ya friji, anakaa leo leo. Akisema kweli, nani ajuaye? Akakiweka kisu juu ya kitambaa.

"Muzee, hii ni visu mbili. Mpini ni ya moja, bapa ni ya ingine. Fundi wa hapa aliziunganisha na waya ya courant, ya umeme. Bei yake ni kuku moja. Na asikuwe munene."

Faustin akakinyakua kisu chake.

"Weye unaniita mujinga mbele ya bantu?"

"Hapana, Muzee. Ni fundi tu ndiye alikuwa na akili mingi."

Faustin akavaa miwani, akakipeleka kwenye jua, akaikwaruza pini kwa ncha ya msumari. Wekundu ukang'aa. Guelord akachungulia begani kwake. "Ee Mungu wangu! Shaba!"

Kicheko cha Faustin kilianzia tumboni, kikapanda, mpaka akavua miwani kupangusa machozi. "Mwezi muzima munaisifu, banafiki! Huyu mama, mara moja tu! Guelord, ondoa saa zako kwa ile meza ya mbele. Tantine anaingia."

Wivine akajitwisha gunia lake kichwani, akapita katikati ya safu shingo imenyooka, na akina mama wa sombe huko nje wakampigia vigelegele mpaka bati likaitika.

Miaka ikapita. Graciella sasa yuko humanités, yaani sekondari, na likizo moja, akipanga visu kwenye meza ile, akaliuliza tena swali lake la utotoni. Wivine akamwonyesha kwa kidevu mzee aliyekuwa anawajia, kofia tayari mkononi.

"Unamuona ule Faustin? Tangu ile kisu yake yenye haikatake, kabla ya kutandika vitu yake anakuyaka hapa kila asubuhi kuniuliza bei."