Kiti cha Mama Kwenye Misa ya Nohemí

Hebu mpige picha akilini mwanamke mfupi anayeingia sokoni Alhamisi asubuhi, ukungu wa milimani bado uko chini, beseni la unga wa mahindi uliokandwa liko kichwani. Hasalimii mtu kwanza. Anatua beseni, anaweka kikaango cha udongo juu ya mafiga, anapuliza moto mpaka ushike, ndipo anageuka kutuuliza tumeamkaje. Huyo ndiye Micaela Tzoc. Nimeuza maharage pembeni yake miaka ishirini, na mikate yake ya mahindi nimeila kuliko ya mama yangu mzazi, kwa hiyo nikikosea kitu hapa nisamehewe, nitakuwa nimekosea kwa kumpenda.

Mumewe alivuka kwenda Marekani kutafuta kazi, akamwacha na wavulana wawili nyumbani kwa mama mkwe. Mwaka wa tatu wa kungoja, Micaela akashika mimba. Simtetei, simlaumu, miaka mitatu ni mingi. Mama mkwe hakupiga kelele. Alisema tu kwamba mtoto yule akilia usiku mmoja chini ya paa lile, Micaela atatoka naye, na wavulana watabaki. Kwetu watoto ni wa nyumba ya baba, na hakuna aliyewahi kushinda kesi hiyo.

Basi hakuwa na hiari ya kutoa au kutotoa. Alichobakiziwa kuchagua ni kimoja tu: ampe nani.

Wa kwanza kumtaka mtoto alikuwa Bi Odilia, mke wa Mwalimu Rigoberto, nyumba ya mtaa wa pili kutoka sokoni. Hakujaliwa kuzaa. Alimwita Micaela jikoni kwake, akampa kikombe cha uji wa mahindi, akamweleza alivyopanga. Atavaa mto chini ya nguo miezi kadhaa, ataenda kwa dada yake mji mkuu, atarudi na mtoto kama aliyemzaa mwenyewe.

“Na wewe,” akasema Bi Odilia, “ukikutana naye njiani, humjui. Hata jina lake usilitaje. Tumeelewana, mama?”

Wa pili alikuwa wakili mmoja wa mjini, aliyekuwa akitafutia watoto wazazi ng’ambo. Huyu alikuwa na maneno matamu. Mtoto ataambiwa mama yake ni nani, na kila mwaka itakuja barua na picha.

Micaela aliniuliza. Nilimwambia ampe mwalimu, angalau atamwona akikua.

“Nitamwona kama ninavyomwona mbuzi wa jirani?” akanijibu. “Dada, apite hapa anunue mikate, mimi nimwite binti wa watu? Bora awe mbali akijua nipo.”

Akaenda kwa wakili. Mtoto alikuwa wa kike. Micaela hakujua kusoma, akaweka dole gumba kila alipoonyeshwa. Hakupokea hata senti, maana aliogopa kuambiwa ameuza. Akaambiwa ameuza vilevile. Muuza nyama mmoja alimwuliza mbele ya watu kama alilipwa kwa dola au kwa quetzal, pesa yetu. Micaela akamjibu kwamba alilipwa ile bei aliyouzwa huyo muuza nyama alipozaliwa, ndiyo maana mama yake huyo bado anadai chenji. Tulicheka sana siku ile. Jioni nilimkuta nyuma ya magunia, amejifunika shali usoni.

Picha zilikuja tatu. Ya mwisho mtoto alikuwa juu ya farasi wa mbao, amevaa viatu vyekundu. Kisha kimya. Micaela akapanda basi kwenda kuuliza, akaambiwa ngoja, ngoja, na sheria ilipokuja kufunga njia ya watoto kwenda ng’ambo, alikuta mlango wa wakili umekuwa duka la simu. Kijana wa duka akamtafutia mtu wa kumsomea zile hati alizotia dole gumba. Habari ya picha na barua haikuwamo. Ilikuwa ya mdomo tu.

Turudi kwa Bi Odilia. Miezi minne baada ya mtoto wa Micaela kuondoka, naye alirudi kutoka kwa dada yake na kichanga cha kike, anatembea polepole kama mzazi kweli. Soko zima lilijua hakumzaa yeye, kwa kuwa mwezi wa nane wa mimba yake tulimwona akiinama kuokota kitunguu bila hata kushika kiuno. Siri hiyo tuliitunza namna yetu: tulimwambia kila mtu isipokuwa mtoto. Na kwa kuwa Micaela aliwahi kuonekana akiingia kwa mwalimu na tumbo lake, wasiojua vizuri wakaunganisha.

Mtoto aliitwa Nohemí. Mwaka huu anatimiza miaka kumi na mitano, umri ambao kwetu binti hufanyiwa misa na karamu, na kwa misa hiyo padri alitaka cheti cha ubatizo. Nohemí akikitafuta kabatini kwao, akakuta hati ya mahakama: amekabidhiwa kwa Mwalimu Rigoberto na mkewe, mama mzazi hajulikani. Bi Odilia akaapa kwamba karani alikosea, yeye ndiye aliyemzaa.

Alhamisi iliyopita binti akaja kwenye mafiga. Hakuomba mikate.

“Mama Micaela, watu wanasema ulimpa mwalimu mtoto wako. Ni mimi?”

Micaela alikuwa na donge la unga mkononi. Aliligeuza, akaligeuza tena. Nilingoja aseme hapana, neno dogo tu. Hakusema. Binti akaangua kilio, akamshika ile mikono yenye unga akaibusu, akamwomba Jumapili, siku ya misa yake, akae kiti cha mbele kanisani, kiti cha mama.

Alipoondoka nilimwambia Micaela amemdanganya mtoto wa watu.

“Sijasema neno.”

“Kwetu asiyekana amekubali. Unajua hivyo kuliko mimi.”

“Basi Bi Odilia na akane. Asimame aseme alimpata wapi.”

Hilo Bi Odilia hawezi, maana itambidi aseme kwanza kwamba hakuzaa. Nikamwuliza Micaela: na yule wa kwako, siku akirudi kukutafuta, akute kiti kimeshakaliwa?

“Miaka kumi na miwili sijaona hata karatasi,” akasema. “Huyu amenibusu mikono.”

Leo ni Jumamosi. Micaela amefua blauzi yake ya kufuma, ile ya harusi, imeanikwa uani. Nohemí amepita kwangu mara mbili kununua maharage ya karamu, na mara zote mbili neno limenifika ulimini nikalimeza. Wewe uliyenisikiliza mpaka hapa, akipita mara ya tatu, ungemwambia?