Suri, fundi aliyekataa kutaja jina

Bado akili inakataa. Juzi tu tulikuwa tunabishana kuhusu mpira kwa simu, na jana nimesimama crematorium nikimuaga Suri wetu. Moyo ulisimama akiwa nyumbani Muthangari, kikombe cha chai mkononi. Ndiyo hivyo.

Nyinyi vijana wa IT mnaojiita penetration testers: Surinder, huyu Suri wetu, alifanya hiyo kazi miaka ya tisini, kabla haijapata jina hapa Nairobi. Benki zilikuwa zikimwita ajaribu kuzivamia, kisha awaambie wenyewe aliingilia wapi. Mimi nilikuwa partner wake.

Vifaa vyake? Dustcoat ya bluu ya mafundi, bisibisi mfukoni na uso wa mtu aliyechoka.

Benki moja kule Upper Hill, askari alimshikia mlango, kisha akamsaidia kubeba monitor aliyokuja nayo ya kuzugia. Nilikuwa pale reception nikijifanya mteja, nikiuma midomo nisicheke.

Ndani akapita meza kwa meza na swali lake lile moja: "Sasa madam, mashine iko sawa?"

Hapa kwetu fundi hakosi chai. Alirudi akinukia tangawizi, na password ya akaunti za wateja anayo. Mtu alimpa kwa hiari yake, ili atengenezewe mashine.

Tulipopeleka report, manager aliisoma akaiweka chini.

"Ni nani alikupa?"

"Jina sikuandika, boss."

"Naona hukuandika. Nauliza ni nani. Huyo leo anaenda nyumbani."

"Mliniita nipime mlango, si nifutishe mtu kazi. Kila mtu hapo ndani angenipa. Huyo ni vile tu nilimfikia kwanza."

"Basi usirudi hapa."

"Sawa."

Mifumo ya wakati ule haikuonyesha ni nani aliyeachia password, kwa hivyo jina lilibaki kichwani mwa Suri peke yake.

Hatukurudi. Manager akaongea na wenzake, kazi za benki zikakauka, tukaishia kutengeneza printer kwa kiduka kidogo Adams Arcade. Nilimkasirikia sana. Nilikuwa na mtoto mchanga nyumbani, jamani! Kila nikimuuliza ni nani huyo tunayeteseka kwa ajili yake, ananisukumia kikombe: "Kunywa chai, Kamau."

Miaka yote hiyo hakuniambia.

Jana, watu wakianza kutawanyika, mama mmoja mwenye mvi alinishika mkono. Akajitambulisha, kisha akasema: "Ni mimi nilimpa ile password. Boss alituita mmoja mmoja kwa ofisi, nikajua nimeisha. Na nilikuwa nalea watoto peke yangu. Nilikaa hiyo kazi mpaka nika-retire."

Aliwahi kukutana na Suri baadaye, hapo Adams. Alitaka kumshukuru, lakini kabla hajaanza, Suri akamsalimia kama siku ile ya kwanza, "Sasa madam, mashine iko sawa?", akaendelea na shughuli zake.

Suri, hasira niliyokuwa nimekuwekea iliisha jana, nikiwa bado nimeshikwa mkono na huyo mama. Nililia, na sioni haya kusema.

Jina nimelijua sasa, ndugu yangu, na si kwa mdomo wako. Hapa pia sitaliandika.

Lala bila wasiwasi, fundi.