Chupa ya Matone Ndani ya Kapu la Sadaka

Nikiwaambia habari hii nafunika uso kwa mkono, kwa sababu kanisa letu la Mususa, hapa Butembo, bado linanitazama kama mtu aliyekimbiza sadaka, na ni kweli niliikimbiza.

Mukaka, bibi yangu mzaa mama, ana glakoma. Jicho la kushoto limezimika, la kuume bado linaona kidogo, na daktari wa Beni alisema wazi: matone asubuhi na jioni, ukiacha, na hilo litakwenda. Basi Jumamosi moja nikasikia redioni kwamba watafiti wameotesha tena neva ya jicho, ule mshipa unaobeba picha hadi kwenye ubongo, ambao glakoma huuharibu. Nikamkimbilia Mukaka alipokuwa anapalilia maharagwe, nikamweleza yote, ila niliruka neno moja dogo: panya. (Ilikuwa kwa panya, ndani ya maabara, watu walikuwa bado.) Niliona anavyocheka, nikasema moyoni, panya watangoja kesho.

Kesho yake ilikuwa Jumapili. Wakati wa ushuhuda Mukaka akasimama, akanivuta mkono, mimi ambaye hata kutaja jina langu mbele ya watu natoka jasho, na mchungaji akanipa mikro ya kusemea.

"Neva ya jicho... inaota tena," nikanong'ona.

Vigelegele! Kwaya ikaanza kuimba bila kuambiwa, wamama wakacheza kati ya mabenchi, na mimi (aibu yangu!) nikacheza pia.

Kwetu mtu akipona huleta mbele kile alichotumia akiwa mgonjwa: mmoja alileta fimbo yake, mwingine bandeji. Mukaka akatoa chupa yake ya matone, akaitupa ndani ya kapu la sadaka.

"Kuanzia leo hii dawa naacha!"

Na baba mmoja nyuma, mgonjwa kama yeye, akaanza kutafuta ya kwake mfukoni.

Shemasi alikuwa ameshabeba kapu kuelekea chumba cha wazee. Nikalirukia. Akavuta, nikavuta, mayai ya watu yakamwagika, kuku wa mtu akapanda juu ya ngoma, nami nikajikuta chini, mkono mmoja ndani ya kapu hadi kiwiko, mwingine bado umeshika mikro.

"Weye kijana! Unaiba ya Mungu, mchana hivi?" shemasi akalia.

"Hapana, Papa! Natafuta matone! Mukaka, ni panya! Baliotesha neva ya panya! Ya batu bado!"

Kwaya ikakatika. Mukaka akanitafuta kwa lile jicho lake moja.

"Panya?"

"Ndiyo, Mukaka. Nilikufichaka."

"Mais, lakini huyu mutoto!" Akaanza kucheka, akacheka hadi akashika benchi. "Donc, kumbe panya banapona mbele yangu? Sawa, batangulie. Miye nitabangojea na jicho yangu moja. Leta chupa!"

Akaketi, akainua uso, nikamdondoshea mbele ya kanisa zima: tone la kwanza likaanguka puani, la pili shavuni, watu wakihesabu kwa sauti, la tatu likaingia, na wakashangilia kuliko mwanzo. Yule baba wa nyuma akarudisha chupa yake mfukoni.

Nimeapa: habari njema sasa naisema yote, hata ile sehemu inayokata furaha, tena naisema nyumbani, polepole, kabla mtu hajavaa nguo za kanisa.