Amani Bila Kushikana Mkono

Habari ya kifo chake ilinikuta huku ugenini, sokoni Flagey, mkono mmoja kwenye kigari cha mtoto, mwingine unachagua nyanya. Mpiga piano wa misa yetu ya Kiswahili ametutoka, ujumbe ulisema. Alilala vizuri, asubuhi hakuamka, moyo. Mtanisamehe, wasomaji wangu, ninyi mnaojua kwamba sina ulimi wa asali: kitu cha kwanza nilichokisikia kifuani hakikuwa majonzi. Kilikuwa nafuu. Nilishusha pumzi nikasema kwa sauti, muuza nyanya ananitazama: afadhali si mwaka jana. Majonzi yalikuja baadaye, nikiwa kwenye tramu, na yalikuja mengi. Lakini angekufa mwaka jana angekufa peke yake na maumivu yake, na sisi tungemzika huku tukinong'ona kwamba alikuwa na majivuno.

Wasiosali kwetu niwaeleze kidogo. Padri wetu akisema tupeane amani, hatugeuki tu kumwinamia jirani kwa adabu, basi. Kanisa zima linahama. Watu wanaacha viti, wanapanda mbele, wanarudi nyuma, na hakuna anayetulia mpaka amemshika kila mtu mkono. Na mkono wa Lubumbashi, tulikotoka wengi wetu, si wa kugusagusa. Unakamatwa, unabanwa, unatikiswa, na kama unapendwa sana unaongezewa kofi juu yake. Mpiga piano alipendwa kuliko wote, kwa hiyo alibanwa kuliko wote. Halafu tukaona mtu amebadilika. Saa ya amani hanyanyuki tena kwenye kiti chake; anapiga tu, wimbo mmoja ukiisha anaunganisha na mwingine, hamtazami mtu. Misa ikiisha anatoka mikono iko mifukoni. Mnatujua. Maneno hayakuchelewa. "Amekuwa Muzungu sasa." "Hapana, banamulogea vidole, ndio maana anaficha." Kanisani humo humo, mbele ya sanamu ya Bikira Maria.

Mimi nilikuwa nakaa karibu na piano, si kwa sababu ya kupenda muziki, ila ndipo pekee kigari changu kinapoingia bila kumkanyaga mtu. Kwa hiyo niliona ambacho wengine hawakukiona. Mkono wake wa kulia ulikuwa unapiga na vidole vinne. Kidole gumba kilikunjwa ndani ya kiganja, kama mtoto anayeficha pipi, na vidole vingine vinarukaruka kuziba pengo lake. Kwenye ncha za vidole, viungo vimevimba, vina vifundo vigumu kama punje za mahindi. Jumapili moja kabla ya misa, mwanangu mkubwa alijimwagia maji, mdogo analia, na mimi mikono miwili haikunitosha. Nikamsukumia yule bwana chupa ya maziwa. Papa, nifungulie hii. Aliishika. Aliizungusha, akauma midomo, akajaribu na mkono wa kushoto, jasho likamtoka usoni. Akanirudishia.

"Maman, hii biberon ulifunga na hasira?"

"Vyote nafungaka na hasira, papa. Mukono yako iko na nini?"

"Ah, bon, ni baridi ya huku tu."

"Baridi gani, na tuko juillet, na joto hii yote? Unanidanganya ndani ya kanisa?"

Akacheka. Kisha akaacha kucheka, akanionyesha mahali penyewe, chini ya kidole gumba, pale kinapoungana na kifundo cha mkono. Ufunguo wa mlango unamuumiza. Kalamu inamuumiza. Lakini kushikwa mkono, aliniambia, ni kama mtu anamsaga mfupa na mfupa. Amani ya Jumapili inamkalia kidoleni mpaka Jumatano. Ndiyo maana alikuwa anapiga bila kusimama: heri maumivu ya piano, hayo angalau yeye mwenyewe ndiye anayeyapima. Nikamuuliza kama amemwona daktari. Akatazama kama kuna anayetusikia.

"Docteur atanikataza piano, maman. Kiwanda ilifungwa, watoto banakomea bakubwa, beko kwabo. Piano nayo ikitoka, nani atauliza niko wapi siku ya dimanche?"

Hapo ndipo ulipo mzigo wote. Alikuwa mfanyakazi wa kiwanda cha magari kwenye mtaa wa Forest mpaka kilipofungwa, anaishi peke yake Ganshoren, mtaa mtulivu ambao mtu anaweza kukaa wiki nzima bila kuitwa jina. Alikuwa hafichi kidole. Alikuwa analinda kiti chake, mahali pekee palipobaki ambapo watu walikuwa wanamsubiri. Nililielewa, na hasira ikanipanda zaidi. Nikamwambia wazi kwamba nikisikia tena neno "kuvumilia" nitamrushia hiyo biberon. Na kwamba Jumatano tunaenda.

Tukaenda: yeye, mimi, watoto wawili na kigari, kwenye basi. Watoto walimwita tonton, yaani mjomba, njia nzima na kumwomba awaonyeshe vile vifundo, naye akawaonyesha, akasema ni milima ya Katanga. Daktari alikibonyeza kidole, akakizungusha kidogo, papa akaruka. Picha ikapigwa. Hakukuwa na uchawi wala adhabu. Gegedu ya kiungo cha gumba imelika, daktari alisema, na vile vifundo vya kwenye ncha ni ugonjwa wa namna ile ile, viungo kuchakaa. Wapiga piano wengi hupata, na wasiopiga chochote pia hupata. Gegedu iliyolika hairudi. Lakini mtu anaweza kuishi nayo: avae gango la kushikilia kidole, apashe mikono moto kabla ya kupiga, apige kidogo apumzike, aache nyimbo zinazomlazimisha kupanua mkono mpaka mwisho. Papa aliuliza swali moja tu, kwa sauti ndogo: na piano? Daktari akashangaa. Piano endelea nayo, monsieur. Kinachokuumiza zaidi ni kubanwabanwa. Hiyo acha kabisa.

Kwenye korido alikaa chini kwenye benchi, akafunika uso na ile mikono yake.

"Hakuniondoa," alisema.

"Nani?"

"Docteur. Hakuniondoa kwa piano."

Mtu mzima analia, mtoto wangu anampapasa goti. Miezi yote ile aliumia kwa kuogopa sentensi ambayo hakuna aliyepanga kuisema.

Jumapili iliyofuata, saa ya matangazo, nilisimama bila kumwomba padri ruhusa; papa mwenyewe alikuwa ameshaniruhusu. Nikasema: mukono ya papa iko mugonjwa, kuanzia leo hakuna muntu kuishika. Mukimupenda, mumuguse kichwa. Mama mkubwa wa kwaya, ambaye hapendi kuamriwa na mtoto wa juzi, akadakia: "Amani bila mukono, ni amani gani hiyo?" Papa mwenyewe ndiye aliyemjibu. Alinyanyuka kwenye piano, akamwendea, akamwinamishia paji la uso kama tunavyosalimiana nyumbani, upande huu, upande ule, tena upande huu. Mama akaangua kicheko. "Alors, hii ni nzuri kupita!" Kuanzia siku ile, saa ya amani piano ilinyamaza. Wengine walisema misa imepoa. Mimi niliupenda ule ukimya kuliko nyimbo zake zote, kwa kuwa maana yake ilikuwa kwamba mpiga piano amesimama, anapokea kama wengine.

Nimekasirika lakini, na sitaficha. Sisi tuliokuja huku tunakula kwa miili yetu. Tunasugua ngazi za watu, tunanyanyua wazee wa watu vitandani, tunabeba watoto wetu, na kiungo kikianza kulia tunakiambia nyamaza, usituaibishe. Anayenyamaza tunamwita jasiri. Anayejitenga tunamwita mwenye majivuno, na tunamtafutia mchawi haraka kuliko tunavyomtafutia daktari. Hata shukrani zetu hatuulizi zinamwangukia mtu wapi. Tulimbana mkono kwa mapenzi matupu, na mapenzi hayo yalikuwa yanamsaga.

Wahenga walisema mficha maradhi, kilio kitamfichua. Matanga yake nilikwenda nikiwa na neno hilo kichwani, nikingojea mtu aanze habari za vidole vilivyologwa ili nimpasulie. Hakuna aliyeanza. Kilio kilikuwa hakina cha kufichua. Watu walipita kwenye jeneza mmoja mmoja, mama wa kwaya mbele, na hakuna aliyemgusa mkono. Waliinama, paji la uso kwa paji la uso.

Jumapili hii aliyekaa kwenye piano ni binti mmoja mwanafunzi, mwenye vidole vizima na woga mwingi. Amani ilipofika akaendelea kupiga, kichwa chini. Nikamwachia jirani mtoto, nikamwendea, nikamgusa bega. Nikamwambia: acha hiyo, mama, simama kwanza upewe amani. Nami nawaambia ninyi pia: simameni, mseme panapouma, mngali mnaweza kujibiwa.