Sanduku la Mwalimu Tsvetana

Mwalimu Tsvetana Ilcheva alifundisha baiolojia katika sekondari ya mji mdogo wa Dolni Brod miaka thelathini na mmoja, na katika miaka yote hiyo hakuwahi kuvuka mpaka. Walivuka wengine. Walikwenda Hispania msimu mmoja tu kuchuma matunda, wakisema, na msimu ukageuka maisha. Mwaka wake wa kwanza, shule ilipofunguliwa tarehe kumi na tano Septemba, watoto walimletea maua mpaka akaazima ndoo kwa mfagizi. Matatu, matano, saba, kila shada kwa idadi witiri, kwa kuwa ya shufwa hupelekewa wafu. Mwaka jana yote yalienea kwenye jagi moja.

Kwa hiyo alipochaguliwa kwenda Ureno, mafunzo ya wiki tatu ya walimu wa sekondari, hakwenda kutembea. Halmashauri ilikuwa imeshasema: darasa la nane, ambalo ndilo la kwanza la sekondari, lisipopata wanafunzi kumi na wawili, sekondari inafungwa. Tsvetana aliwaza kwamba akipata huko shule rafiki, ya kubadilishana nayo wanafunzi mwezi mmoja kila mwaka, wazazi watakuwa na sababu ya kutowapeleka watoto kusoma Vidin, mji mkubwa wa jirani. Orodha yake ya darasa hilo ilikuwa na majina kumi na matatu.

Kilichomponza ni sanduku. Mkono mtupu haulambwi, naye alitaka kuwapelekea wenyeji wake chupa kumi na nane za lyutenitsa, rojo ya pilipili hoho aliyoipika mwenyewe, jamu ya waridi, na majani makavu ambayo wanafunzi wake walikuwa wameyabandika kwenye karatasi. Akaazima sanduku kubwa la jirani yake Snezhana, mama wa Yoana, mmoja wa wale kumi na watatu.

"Mwalimu, unahama nini?" Snezhana alimtania, wakilikokota pamoja hadi kituo cha basi.

"Nihamie wapi na goti hili? Wiki tatu tu, narudi."

"Hata mume wangu alisema hivyohivyo."

Wakacheka. Watu wa kituoni hawakucheka, walikuwa wakilitazama lile sanduku.

Huko Ureno alikaa na walimu wenye umri wa wanawe, akaandika kila kitu mpaka kidole kikavimba. Siku yake ya kufundisha, alifungua chupa, akawalisha wote, kisha akasomesha kwa yale majani makavu. Mkuu wa shule ya pale, Dona Graça, akamuuliza ana watoto wangapi.

"Kumi na watatu," akajibu, kwa fahari kama aliyewazaa mwenyewe.

Dona Graça akatia saini barua ya kuwapokea wote majira ya kuchipua. Tsvetana hakuiacha barua ile hata alipokwenda kuoga.

Aliporudi alikwenda shuleni moja kwa moja kutoka kituoni. Krastan, mkuu wake, alimsikiliza hadi mwisho, akaisoma barua, akaikunja taratibu.

"Wamebaki watano, Tsvetana."

"Watano? Wengine?"

"Wameandikishwa Vidin. Mji mzima ulisema umekwenda moja kwa moja. Nikawaapia utarudi. Wakaniambia, 'Mkuu, kwani nani alishawahi kurudi?'"

"Lakini nilikata tiketi ya kwenda na kurudi!"

"Najua."

Akapeleka sanduku kwa mwenyewe. Snezhana alipomwona mlangoni, uso ulimshuka. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na yule mama alikuwa ameumwa kweli.

"Nisamehe, Mwalimu. Nililiona lile sanduku linavyopakiwa, nikasema, basi, na huyu naye. Nikaogopa mwanangu asibaki na mwalimu."

"Umenijua tangu nikufundishe wewe," Tsvetana alisema kwa hasira, "ukaenda kuliamini sanduku."

Septemba ilipofika alivaa suti yake ya bluu kwa mazoea, akakumbuka kwamba geti lina kufuli, akaenda kituo cha basi kuwaaga watoto. Yoana alikuwa na maua saba ya mwalimu wake mpya. Alimwona Tsvetana amesimama mikono mitupu, akamhurumia. Akachomoa ua moja, akahesabu yaliyobaki, akachomoa la pili ili yabaki matano.

"Chukua, Mwalimu. Ya bustani yetu."

Tsvetana akayapokea. Snezhana akajishika mdomo.

"Wee Yoana! Mawili? Mawili anapewa nani?"

Mtoto akaelewa, akaanza kulia. Tsvetana akamfuta machozi kwa kiganja, akampandisha basini.

"Usilie. Umehesabu sawasawa," akamwambia.

Basi lilipoondoka alikataa kusindikizwa. Akaenda peke yake hadi shuleni, akapiga magoti, lile goti bovu likimuuma, akayalaza yale maua mawili chini ya kufuli.