Koti la Abednego na Chui Mweusi

Eliakunda wa Myamba hana kipaji cha uongo. Akijaribu tu kuficha kwamba amekula andazi la mgeni, masikio yanamcheza. Nimekuwa jirani yake miaka thelathini, ndiyo maana nilikasirika walipomwita mla mbuzi wa watu.

Kwetu mwenye mifugo mingi huwawekesha ndugu zake mbuzi wachache. Anayewatunza hupata maziwa na samadi. Mbuzi akifa, unampelekea mwenyewe ngozi. Bila ngozi, umemla. Eliakunda alikuwa na mbuzi wanne wa shemeji yake Abednego, kaka wa mkewe Raheli. Asubuhi moja ya Julai chui akambeba beberu, akaingia naye msituni na ngozi yake, pembe na hata kengele.

Mwenye akili angesema chui, akanyamaza. Eliakunda akaongeza kwamba chui mwenyewe alikuwa mweusi tii, kichwa hadi mkia. Hapo akajiharibia. Kila mtoto wa Kipare anajua chui ana madoa. Abednego akatangaza kwamba atawachukua mbuzi watatu waliobaki, na Raheli akalia, si kwa ajili ya mbuzi, bali kwa sababu jina la mla mbuzi wa watu hurithiwa na wajukuu.

Jumapili, baada ya ibada, kikao cha wazee kikakaa nje ya kanisa. Abednego alifika na koti lake jipya. Miaka ya nyuma sote tulivaa kitambaa kilekile cha foleni ya duka la ushirika, tukitazamana tunafanana kama kwaya. Mitumba iliporuhusiwa, Abednego alishuka Same, akachagua koti jeusi la mahameli chini ya turubai, akalipandisha kwenye ukungu wetu, na kwa wiki tatu hakulivua. Vifungo vilikuwa upande wa kike, lakini nani angemwambia?

Raheli alikuwa amemwita Yahaya, bwana nyama wa Same, yule wa idara ya wanyamapori, naye akapanda mlima kwa miguu kwa kuwa gari halikuwa na mafuta. Akatueleza kwamba chui mweusi ni chui yuleyule. Mama mmoja anaweza kuzaa katika tumbo moja mtoto wa manjano na mwingine mweusi. Madoa anayo, ila yamezama katika weusi, na huonekana jua likimpiga ubavuni. Wazee wakatazamana. Abednego akacheka, akasema nyeusi ni nyeusi, basi.

Alikuwa bado amesimama katikati, mkono juu, akidai mbuzi wake, ukungu ulipofunguka. Jua likampiga mgongoni. Koti zima likatoa madoa ya chui yaliyokuwa yamechapwa ndani ya mahameli, ya mviringo, yamepangana kuanzia mabegani hadi kwenye pindo. Nilifurahi mpaka nikaona aibu.

Eliakunda akainuka, akamzunguka shemeji yake taratibu. Masikio yake yalikuwa yametulia kabisa.

"Shemeji," akasema, "ulidai ngozi. Umeivaa mwenyewe."

Abednego akageuza shingo, akatazama bega lake, kisha la pili. Mwishowe akalivua koti, akalikunja, akamkabidhi dada yake, akashuka na baridi yake.

Mbuzi walibaki. Raheli hulivaa koti lile kanisani mpaka leo, na lazima akae upande wa dirisha.